Watu Mia Nne Wanaotaka Kwenda kwa Bibi

Jumamosi, 3 Mei
Nimetembea tena hadi kwa Bibi. Saa nzima na robo, mlima mtupu! Basi namba kumi na nne lilifutwa mwaka jana. Zamani nilipanda kila Jumamosi saa tatu na dakika kumi, kiti cha nyuma ya dereva, chenye sponji iliyotoboka. Nilikuwa naichokonoa kwa kidole njia nzima. Nimeikumbuka hata sponji. Bibi alikuwa akinisubiri kituoni na mwavuli, hata jua likiwaka.
Leo kasema magoti hayamfikishi tena kliniki ya huku chini. Basi lisiporudi, mwezi ujao anahamia kwa baba mdogo, safari ya siku mbili. Nikamjibu, haya. Ndilo neno pekee lililonitoka. Haya!

Jumatatu, 5 Mei
Shangazi ni karani wa ofisi ya mabasi. Mezani kasema kila mtu akitafuta safari kwenye ile programu ya simu, ofisi inahesabu: watu wanataka kwenda wapi, na wapi basi haliendi. Ndivyo wanavyopanga njia mpya. Nikapaliwa na chai.
Nimetafuta safari ya kwa Bibi mara hamsini. Nusu kwa lugha ya nyumbani, nusu kwa lugha ya shule, tuonekane watu wawili.

Alhamisi, 8 Mei
Nimefika mara mia tatu na kumi na mbili. Kidole kinauma. Dada, anayeniita Bubu, kanifuma bafuni na simu yake. Kauliza, we Bubu, una mchumba? Nikaona aibu kumtaja Bibi. Nikakubali mchumba. Sasa nyumba nzima inajua. Mama ananitazama kwa huruma.

Jumanne, 13 Mei
Shangazi karudi macho yamemtoka. Watu mia nne wanataka kupanda mlimani! Wote Jumamosi, wote saa tatu na dakika kumi, na hakuna hata mmoja anayetaka kurudi! Mkuu wake anauliza huko juu wanagawa nini. Jumamosi anatumwa mpanga njia akawahesabu kituoni.
Kurudi sikukufikiria. Enzi zile nilikuwa nalala huko huko.

Jumamosi, 17 Mei
Mpanga njia kafika na daftari. Umati: mimi. Kauliza wenzangu wako wapi. Nikasema wako njiani. Tukangoja dakika arobaini. Mwishowe nikasema ukweli, nikivitazama viatu vyake. Hakunigombeza. Kasema, haya, nipeleke kwa huyo Bibi wa watu mia nne.
Bibi kampa kiti, kisha kampa maneno. Mwanangu, wazee kumi na mmoja hapa, hatuna simu ya kupapasa hata mmoja, hizo safari tutafute kwa fimbo? Na kliniki ni Jumanne na Alhamisi, Jumamosi imefungwa! Bwana wa watu kaandika kurasa mbili. Kakiri kwamba data zao hazikuwahi kuwaona wazee hao.

Jumatatu, 26 Mei
Basi limerudi! Majaribio ya miezi mitatu. Bibi hahami. Nimelia kidogo, chooni.
Litapanda Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa hizo niko darasani.
Shangazi kaniapisha nisiichezee programu tena, watu wanaitegemea. Nimeapa kwa moyo wote. Kosa langu nimeliona waziwazi: sikutafuta safari za kurudi. Tangu jioni nimetafuta za Jumamosi, kwenda sitini, kurudi sitini, kila moja na saa yake. Safari hii hawatashtuka.