Vifungo vya Pembe na Mgeni wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amekuja tena, viatu vinang'aa kuliko paji langu la uso. Zamani huyu ndugu wa mke wangu alikuwa akinipimia pembe za ng'ombe langoni. Leo anazipeleka ng'ambo kontena kwa kontena. Ghafi! Kama zilivyotoka machinjioni! Alhamisi anampokea mnunuzi kutoka Asia, na anaomba karakana yangu iwe ghala lake. Mke wangu amesema tumpe, kwani imebaki ya kufuga buibui. Buibui! Karakana ambayo vifungo vyake vilifunga makoti ya Ulaya nzima!

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda karakana. Enzi zile mikanda ya mashine ilivuma tangu alfajiri, vifungo vikitoka na joto kama mkate. Mke wangu alikaa dirishani akivichambua, vya rangi ya asali huku, vyeusi kule, akiimba kwa sauti ya chini. Nilipita mezani kwake mara nyingi kuliko kazi ilivyodai. Kisha Ulaya wakanogewa na zipu na plastiki, kimya. Uarabuni wakataka vichana, tukachonga vichana. Nao kimya. Kila soko lililoondoka liliacha viti vitupu.
Lakini nina mpango! Nitamnasa mgeni kabla ya Shemeji. Akiviona vifungo, pembe ghafi atazisahau. Nimemwagiza Fundi Msasa, mng'arishaji pekee aliyebaki, awashe mashine. Ameuliza atapata nini. Nimesema heshima. Ameguna.

Jumatano, 5 Machi
Nimelifufua koti langu zito la sufu, zawadi ya mnunuzi wa Ulaya. Nimelishonea vifungo vipya mbele, mikononi, hata mifukoni. Mke wangu ameuliza kama naenda kuishi kwenye friji. Hana jicho la biashara.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Shemeji kumwambia ndege imechelewa. Uongo mdogo, wa kibiashara. Nikasimama uwanja wa ndege na kibao chenye jina la kampuni ya Shemeji. Joto! Jasho lilinitiririka hadi soksini. Mgeni na mkalimani wake wakaingia nami kwenye teksi, lakini wakajibana mlangoni na kufunika pua. Mkalimani akauliza kwa upole kama homa yangu inaambukiza.
Kufika karakana, mambo yakageuka. Mgeni alishika kifungo, akakiinua kwenye mwanga, akatabasamu. Mkalimani akasema babu wa mgeni alikuwa na koti la vifungo kama hivi. Moyo wangu ukaruka. Halafu mgeni akainama chini ya mashine, akachota vumbi la pembe, akalinusa! Anaulizia vumbi! Kumbe kwao wakulima wa maua wanalitafuta kwa udi na uvumba, ni mbolea safi.
Nikasema, "Bwana, hizo ni taka. Bidhaa ni hii hapa!"
Akanirudishia kifungo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaendelea kuchota.
Hapo ndipo Shemeji alipoingia, amefura kama andazi. Alipoambiwa habari ya vumbi, hasira zote zikayeyuka. Nimetangaza kwamba hapa kwangu pembe haisagwi kabla ya kuwa kifungo. Hakuna aliyetafsiri.

Ijumaa, 7 Machi
Wameafikiana bila mimi. Shemeji ataleta pembe, Fundi Msasa atasimamia kuzisaga ziwe vumbi la kuuza, na mke wangu ndiye meneja. Meneja! Nimemuuliza anawezaje kuisaliti kazi ya maisha yetu. Hakukasirika. Alisema, "Baba watoto, mimi sikuvipenda vifungo. Niliipenda ile karakana ikiwa na watu."
Mchana wakawasha mashine na ukanda ukavuma vilevile. Majirani wawili waliokuwa wachambuzi wetu wamesharudi, wameanza kubishana nani akae dirishani. Nimetoka nje kidogo. Vumbi liliniingia machoni. Yote mawili.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu na nakiri nilikosea. Kosa lilikuwa koti. Mtu hauziwi kifungo uwanja wa ndege. Anatakiwa akigundue mwenyewe! Kwa hiyo jana, wengine walipokwenda kula, nilitia konzi ya vifungo katika kila gunia la unga wa pembe. Mkulima atamwaga mbolea, atakiona kifungo kinang'aa udongoni, atashangaa, atauliza. Soko jipya limefunguka!
Leo mke wangu amebeba gunia moja lililobaki, akalitikisa, akaniuliza kwa nini unga unalia kachakacha.
Nimemwambia hiyo ndiyo sauti ya unga wa daraja la kwanza.
Amelifungua.
Naandika haya nikiwa stoo, nimejifungia kwa ndani. Anagonga. Si neno. Magunia aliyoyachukua Shemeji jana jioni tayari yako bandarini, vifungo ndani.