Mbelgiji Aliyekula Michembe

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimenunua kitabu. Kimeshanipa heshima na bado sijakifungua.

Nilikikuta Kahama, kwenye rundo la mitumba, katikati ya viatu visivyo na wenzao. Kinene kama tofali. Kwenye jalada kuna Mzungu juu ya baiskeli, ulimi nje, jasho linamtiririka. Muuzaji aliniambia ni kitabu cha dini. Kumbe ni maisha ya mwendesha baiskeli wa kulipwa, Mbelgiji, kayaandika mwenyewe. Kwa Kiingereza, bahati mbaya.

Jioni nikakipeleka kwenye klabu yetu ya baiskeli hapa Ngokolo. Mimi ni katibu. Nataka kuwa kocha. Siku ya mashindano kocha hukaa kwenye gari la mbele na filimbi shingoni. Katibu hubaki kulinda maturubai.

Kocha wa sasa ni Benjamini, fundi baiskeli, bingwa wa zamani. Alikipima kitabu mkononi kama anayenunua sato, akasema maisha ya waendesha baiskeli hayafai kusomwa. Mtu aliyekanyaga pedali miaka yote ataandika nini? "Nilikanyaga, nikachoka, nikakanyaga tena." Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba mabingwa huweka siri zao humo, ila asiyejua kusoma huona karatasi tupu. Benjamini aliishia darasa la nne, na wote tunajua. Akanirudishia kitabu. Nikajifanya sielewi nimemgusa wapi.

Mzee Maduhu, mwenyekiti wetu, akakata shauri. Kila jioni baada ya mazoezi nitawasomea kwa Kiswahili. Tukishatoka kwenye mashindano ya Katoro tutaamua kama vitabu hivi vina faida, na kama klabu inahitaji kocha mpya.

Usingizi hauji kwa furaha.

Jumanne, 3 Septemba

Sura ya kwanza imekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Baba yake Mbelgiji alichimba makaa ya mawe chini ya ardhi, akirudi nyumbani macho tu ndiyo yanaonekana. Watu walitikisa vichwa. Nani hapa hana ndugu kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, huko Geita?

Scolastika aliuliza kama mama yake Mbelgiji alilia siku mwanawe alipoondoka. Huyu Scolastika ndiye mkanyagaji wetu bora. Kila alfajiri anabeba maziwa kwa baiskeli kutoka vijijini hadi mjini, ndiyo maana miguu yake ni chuma. Nikatafuta. Kweli mama alilia, lakini alijifungia chooni asionekane. Scolastika akasema na mama yake alifanya hivyohivyo.

Nilijisikia mtu wa maana. Na nilikuwa nimesoma kilichoandikwa. Naliweka hili hapa kwa sababu halikutokea tena.

Alhamisi, 5 Septemba

Kiingereza kimegeuka. Jana niliweza nusu sura kwa taabu. Leo ukurasa mzima ni majina ya vipuri na milima. Nimekaa na kamusi tangu adhuhuri, nikapata kwamba kulikuwa na mlima na kwamba ulikuwa mlima.

Jioni klabu nzima ilikaa kwenye nyasi ikinisubiri. Nikafungua kitabu, nikakazia macho maandishi, nikasema yaliyokuja. Mbelgiji alipotea msituni. Mbelgiji alikimbizwa na fisi.

Benjamini akauliza kama Ubelgiji kuna fisi. Nikasema zamani walikuwepo.

Mzee Maduhu alisema sura hii ni tamu kuliko ya kwanza. Maneno hayo yameniharibu.

Jumamosi, 7 Septemba

Sasa wanadai siri. Scolastika kauliza Mbelgiji alikula nini kabla ya mashindano. Kitabuni sijui kama kuna chakula. Nikasema alikula viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani.

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Si michembe hiyo?"

Nikasema kwao ina jina lingine, lakini ndiyo yenyewe. Furaha iliyoingia pale siwezi kuieleza. Bingwa wa Ulaya anakula michembe. Wazee walinyoosha migongo. Ningeishia hapo ningekuwa mwongo mdogo tu.

Lakini walikuwa wananitazama. Nikaongeza kwamba Mbelgiji hakugusa maji mpaka amalize safari, ili mwili uwe mwepesi. Sijui yalitoka wapi. Labda nilikuwa na kiu.

Benjamini akasimama. Akasema mtu akikanyaga juani bila maji hafiki hata Kagongwa, atafikishwa. Nikamwuliza maneno yake yako ukurasa wa ngapi. Watu wakacheka sana, yeye akachukua pampu yake akaenda.

Scolastika hakucheka. Alikuwa anaandika kwa kalamu kwenye kiganja chake.

Jumanne, 10 Septemba

Mke wangu, Mama Boaz, kaniuliza imekuwaje kona ya kitabu imekunjwa palepale tangu Jumatano, na mtaani wanasema Mbelgiji ameshaoa na ana watoto. Nikamwambia msomi hakunji kurasa. Akaniwekea ugali mbele yangu polepole, kama anavyomwekea mgonjwa.

Nikaamua kumwambia Scolastika kweli. Si yote. Ile ya maji tu. Ningesema nimesoma upya, nimegundua kosa la mpiga chapa.

Nilimkuta sokoni anapimia wateja maziwa. Midomo imemkauka. Anafanya mazoezi ya kutokunywa. Kabla sijafungua kinywa akawaambia wanawake waliokuwa pale kwamba huyu ndiye anayemsomea siri za Wazungu, kisha akapiga goti kidogo. "Shikamoo, kocha."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Nikaitikia marahaba. Nikanunua maziwa. Nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 14 Septemba. Katoro

Naandikia nje ya wodi.

Asubuhi ilikuwa yangu. Mzee Maduhu alinivisha filimbi mbele ya watu akasema leo katibu wetu Gregory atakaa gari la mbele, tumjaribu. Benjamini hakugomba. Alichukua chupa za maji akaenda kusimama barabarani na wanawake wanaouza mahindi ya kuchoma.

Katoro ilijaa. Wanunuzi wa dhahabu juu ya malori, bodaboda zikipiga honi, vumbi, muziki. Mashindano ya wanawake yalianzia sokoni, yashike njia ya Geita, yageuke na kurudi palepale. Scolastika aligeuka akiwa wa kwanza. Mimi mbele garini, kitabu kwapani, kifua mbele.

Kisha nikamwangalia usoni. Midomo myeupe, na jasho hakuna tena. Alikuwa mkavu kama kuni. Benjamini alikimbia ubavuni mwake akimnyooshea chupa. Akakataa kwa kichwa, akanionyesha mimi kwa kidole.

Nilikuwa hatua chache tu. Ningepaza sauti, kunywa, nilidanganya, kunywa. Dereva angesikia. Watu wa malorini wangesikia. Nikapiga filimbi.

Alidhani namhimiza. Akaongeza mwendo.

Akaanguka karibu na meza za nyanya. Hakupiga kelele, alilala tu na baiskeli yake kama mtu aliyechoka. Wauza mahindi walimmwagia maji. Benjamini alimbeba mgongoni. Nilibeba baiskeli, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa haijabebwa.

Yuko kwenye dripu. Daktari anasema atapona. Nimeuliza mara nyingi mpaka kaacha kunijibu.

Jumapili, 15 Septemba

Leo nimeomba ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya huku hupasukia wenye bahati.

Muuguzi wa zamu anaitwa Amira, binti wa mfanyabiashara wa hapa. Alimwuliza Scolastika kwa nini hakunywa maji, mtu mzima na akili zake. Scolastika akaonyesha kitabu, akamweleza habari za michembe, fisi na kutokunywa maji. Kilikuwa kwapani mwangu. Sijui kwa nini nilikuja nacho. Nimezoea kuonekana nacho.

Amira akakichukua akaanza kusoma kimoyomoyo, haraka, kama anayesoma Kiswahili. Mimi nikasema lazima niangalie usafiri. Mzee Maduhu akaniambia kaa.

Amira akauliza michembe iko wapi. Nikasema huenda vitabu vinatofautiana. Akauliza fisi yuko wapi. Nikatazama dripu.

Kisha akafika katikati, mahali ambapo mimi sijawahi kufika, akatulia. Akaanza kututafsiria taratibu. Mbelgiji alikuwa anachomwa sindano za nguvu. Miaka mingi. Alimficha mkewe, alimficha mama yake. Amira alisoma siku aliyoshinda mashindano makubwa: alipanda jukwaani, akapewa maua, akamwona mama yake chini anapiga makofi kwa nguvu zake zote, akaomba mvua inyeshe watu watawanyike. Haikunyesha. Ikabidi asimame palepale ashangiliwe mpaka mwisho.

Wodi nzima ilikuwa imegeukia kitanda chetu. Mama mmoja wa kitanda cha jirani aliuliza, "Masikini, sasa akafanyaje?" Benjamini alivua kofia akajipangusia uso.

Nilimjua mtu yule jukwaani. Nilitaka Amira akomee hapo, mimi nipate kuondoka.

Scolastika akauliza kwa sauti ndogo, "Na maji?"

Amira akatafuta. Mbelgiji alikunywa kila alipoweza. Alipokea hata chupa za watazamaji.

Scolastika akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua. Akasema, "Baba Boaz, ulikuwa unatusomea nini?"

Si kocha tena. Baba Boaz.

Nikasema Kiingereza ni kigumu.

Jumatano, 18 Septemba

Kikao cha klabu. Nilijiandaa. Nikasimama wa kwanza nikapendekeza kwamba vitabu vya waendesha baiskeli visisomwe tena hapa. Nimechunguza, nimegundua ni maungamo ya walaghai, vinaweza kupotosha vijana. Nilisema neno vijana kwa uchungu.

Aliyenipinga ni Benjamini. Mungu ana mizaha. Akasema yeye ndiye aliyekosea. Alidhani mkanyagaji ataandika jinsi alivyoshinda, na kushinda hakuna la kueleza. Kumbe huyu ameeleza jinsi alivyoogopa. Yeye Benjamini aliogopa miaka yote akiwa bingwa, akadhani ni ugonjwa wake peke yake. Kwa hiyo vitabu hivyo vinafaa.

Scolastika, bado dhaifu lakini amesimama, akaunga mkono. Vinafaa, alisema, ila visomwe na mtu anayesoma.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka.

Imeamuliwa hivi. Kitabu kimebaki Katoro kwa Amira. Kila akitoka zamu anatuma sauti kwa Wasapu, na klabu inasikilizia kwenye karakana ya Benjamini. Kocha ni Benjamini. Filimbi nimeirudisha nikiwa nimeifuta.

Baada ya kikao nikamfuata Scolastika kuomba msamaha. Nilianza vizuri. Nikasema nimekosa. Halafu nikajikuta naeleza habari za kamusi yangu kuwa fupi, na muuzaji wa Kahama aliyesema kitabu ni cha dini, na jua la Katoro. Akanisikiliza. Akasema amenisamehe, lakini maziwa yatachacha, akapanda baiskeli.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimepita karakana jioni. Wamekaa kuizunguka simu kama moto. Sauti ya Amira inasoma Mbelgiji akienda kwa mama yake kumweleza. Nilisimama nyuma ya ukuta, kwenye matairi mabovu, nisikie bila kuonekana. Mama hakumfukuza. Alimpa supu.

Nililia kidogo. Matairi yana vumbi.

Mama Boaz aliniona narudi. Akaniuliza kwa nini nisiingie nikakaa na wenzangu, hawatanila. Nikasema nina kazi. Akasema aibu haiishi kwa kuizungukia, ni kama dimbwi njiani, lazima ulikanyage upite. Ni mwanamke mwenye busara. Nikaenda kulala.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa nimetafakari. Nimeelewa jambo ambalo klabu nzima haijaliona.

Mbelgiji alidanganya dunia nzima, na watu wa Ngokolo wanampenda kama ndugu. Mimi nimedanganya watu wa Ngokolo tu, na wananisalimia kwa kidevu. Tofauti ni nini? Yeye ameandika kitabu.

Kwa hiyo nitaandika changu. Maisha ya Gregory, mwendesha baiskeli wa kulipwa. Watu watasoma, watalia, Benjamini atavua kofia, Scolastika atauliza mama yangu alilia wapi.

Kuna ugumu mmoja. Kosa langu halisi ni dogo na la kipuuzi, la fisi na viazi. Hakuna atakayelilia. Mtu hasamehewi vizuri kama hakukosa vikubwa. Nimefikiria sindano, lakini naogopa sindano, itajulikana. Nitaweka dawa za kunywa. Na mashindano ya nje ya nchi, ambako hakuna wa hapa aliyekwenda.

Mama Boaz kaita chakula mara mbili. Hajui mtu anayetubu anahitaji utulivu.

Sentensi ya kwanza imekuja yenyewe: "Nilikuwa bingwa, na nilidanganya." Nimeisoma kwa sauti. Inagusa. Nusu yake ni kweli kabisa. Ile nusu ya ubingwa naitafutia mwaka.