Kuweti ya Mama Mukwe

Siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe 2 Oktoba.
Joto. Mvua imekataa. Motari mumoja, dereva wa pikipiki wa Salamabila, ameleta habari: Mama Clémentine anafika siku ya ine! Njo mama ya Mugisho, kijana anayetaka kumuoa binti yetu Emmanuella. Atalala kwetu mara tatu, na siku ya Mungu, kisha ibada, atatoa neno: ndiyo ao hapana. Emmanuella anaimba akichota maji. Neno likiwa hapana, nani atamuambia? Mimi.
Mama Clémentine anauza vitu Salamabila lakini muzaliwa wa Bukavu. Kule baridi iko. Watu wa kule wanajua kulala. Nimemuuliza bwana yangu Théophile tutamulalisha juu ya nini. Akasema kitanda kiko, matela ya kulalia iko, draa ya kutandika iko, mutu anafunga macho tu. Wanaume!
Jirani Léocadie amesikia tayari. Akaniuliza juu ya uzio wa lupango, na sauti ya asali, kama nataka aniazime bulangeti yake ya chui. Ile ambayo kartie nzima, mutaa wote, imeiona kwenye kamba. Nikashukuru. Afazali nimufunike mugeni na majani ya ndizi.

Siku ya pili, tarehe 3.
Soko. Kwa Moustapha, nyuma ya vitambaa, nikaiona. Nyeupe. Imevimba kama mandazi. Nikatia mukono, mukono ukapotea. Nikauliza ni kitu gani. Akasema: ni kuweti.
Kutoka Kuweti! Kwa Waarabu! Hata wazee waliokwenda Maka hawakurudi na kitu kama hiki. Kwenye pembe moja iko alama ya uzi wa kijani, kama samaki mudogo. Alama ya kiwanda, bila shaka. Moustapha akaona macho yangu. Akataka mbuzi.
Mbuzi wetu ni mumoja, na ni wa kumupikia mugeni. Nikafikiri sana. Nyama inaisha siku moja. Kitanda ni siku tatu. Nikamupa mbuzi.
Théophile nimemuambia mbuzi ametoka kwenye kamba. Si uongo. Alitoka. Mimi njo nilimutoa.

Siku ya tatu, tarehe 4.
Nimetandika tangu asubuhi. Matela. Draa. Bulangeti ya zamani. Draa tena. Kuweti. Juu yake kitenge cha sikukuu ya wamama. Kisha chandarua, lakini hakifungi tena, kitanda kimepanda sana. Itabidi mugeni apande na kiti.
Emmanuella akasema, mama, hiyo si jina ya inchi. Ni Kifaransa, kuweti ni kitu cha kufunika cha inchi za baridi. Nikamujibu kwamba mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini Moustapha nilimusikia na masikio yangu. Watoto wa leo! Shule inawaharibu.
Nikamuita Léocadie, eti aniletee chumvi. Akaangalia. Akabonyeza. Akasema "mm". Mm tu! Kisha akauliza kama mugeni wetu iko na malaria. Wivu huo.
Théophile amefika mpaka njia ya Nyangwe akimutafuta mbuzi. Amerudi na miguu ya vumbi. Nimemukanda na maji ya moto. Maskini.

Siku ya tano, tarehe 6.
Mugeni amefika jana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama muzuri, munene, wa kucheka. Amekula sombe ya majani ya muhogo na samaki. Théophile akaomba musamaha juu ya mbuzi aliyepotea. Nikaenda kuangalia moto.
Lakini asubuhi hii! Nikamuuliza amelala namna gani. Akasema vizuri sana, mukwe wangu. Na kwenye shavu lake, mistari. Ya mukeka! Nikaingia chumbani. Kitanda kimenyooka kama nilivyokiacha. Mugeni amelala chini, na kitenge chake, kama mutu asiye na jamaa!
Haya gani hii. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Jibu ni moja: amesikia baridi, akaona kitanda hakitoshi. Basi tunaongeza.
Nimemeza mate, nimeenda kwa Léocadie. Bulangeti ya chui iko sasa juu ya kuweti. Mukeka nimeuficha juu ya dari.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 7.
Mugeni ametoka chumbani akiwa amelowa kama aliyevuka muto. Macho mekundu. Nikauliza. Vizuri sana, mukwe wangu. Saa sita nimemukuta amesinzia ameketi, muchi wa kutwanga mukononi.
Kati ya wakwe mutu hakatai alichotandikiwa, hiyo najua. Lakini sasa anakataa nini?
Léocadie akaja kunipasha: amemusikia mugeni akimuambia Emmanuella kwamba kesho atapanda pikipiki ya kurudi kwao mapema, mbele ya ibada. Mbele ya neno! Emmanuella haimbi tena. Anafagia mahali pamoja tu. Nimelia ndani ya sufuria. Wali wa leo hauna haja ya chumvi.

Siku ya Mungu, tarehe 8.
Niandike pole pole.
Mugeni alikuwa amefunga muzigo. Nikamushika mukono, nikamupeleka mbele ya kitanda, nikamuomba aniambie kosa langu. Akaanza tena vizuri sana. Hapo tukasikia mbuzi.
Mbuzi wetu! Amekimbia, amerudi nyumbani, na kamba ya Moustapha shingoni. Na Moustapha nyuma yake, anapiga kelele lupango nzima kwamba mbuzi ni wake, mama mwenyewe alimutoa kwa kuweti. Théophile akaniangalia. Kisha akaangalia miguu yake iliyomutafuta mbuzi. Afazali angenigombeza.
Mama Clémentine akainua chui. Akainua kitenge. Akageuza pembe, akaona samaki wa kijani, akaketi chini.
"Moustapha," akasema, "hii si ile niliyokupa Salamabila?"
Kumbe ni yake! Aliileta kutoka Bukavu. Panya akaitoboa, akaishona yeye mwenyewe na uzi wa kijani. Mwaka muzima watu wa Salamabila wakaikataa juu ya joto, mwisho akamupa Moustapha aipeleke mbali.
"Nikaikimbia huko," akasema, "inaningojea huku, na chui juu. Mukwe wangu, nilikuwa nakimbia kitanda chako. Sikukimbia mutoto wako."
Akacheka mpaka machozi. Kisha akasimama, akamuita Emmanuella, akasema mbele yetu wote: "Nyumba inayotoa mbuzi yake ya pekee ili mimi nisisikie baridi, siwezi kuiambia hapana. Neno ni ndiyo."
Nikapiga vigelegele. Léocadie pia, juu ya uzio. Kidogo.

Siku ya kwanza, tarehe 9.
Mugeni ameenda. Aliongeza usiku mumoja, nikamurudishia mukeka, akalala mpaka jua likapanda. Uchovu wa furaha. Mbuzi ameenda na Moustapha, haki yake. Théophile anasema nami tena tangu chakula.
Nilimupa Mama Clémentine kuweti aondoke nayo. Akakataa na mikono miwili! Mutu wa heshima, hataki tubaki bila kitu. Na sasa naona wazi: bila kuweti, tungepata wapi ndiyo? Ni yenyewe iliyotuletea.
Disemba baba ya Mugisho anakuja kulala kwetu. Nimepita kwa Moustapha, kumuamkia tu. Anasema iko kitu cha kufunika kikubwa kuliko kuweti, kinaitwa edredoni. Inchi hiyo siijui, lakini lazima ni ya matajiri.
Théophile iko na mabata mawili.