Kipima Hewa Changu na Soksi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mpimaji ameingia leo kutoka Dodoma. Bi Ritha. Anaitwa mpimaji huru, maana yake hali chakula cha mtu wala hanywi soda ya mtu. Nilimpelekea soda. Kakataa! Kisha akamsalimia shemeji Peniel kwa bashasha, na huyo hakumpelekea hata maji.

Mradi unataka vipima hewa vya bei nafuu vitundikwe kwenye shule zilizo karibu na mashine za kukamua alizeti, ili walimu wajue lini wawaingize watoto madarasani. Mafundi tuliojitokeza mkoa mzima wa Singida ni wawili. Mimi, na Peniel wa Kiomboi, mume wa dada yangu Dina. Kabla hajamwoa Dina hakujua hata kushika chuma cha moto cha kulehemia waya. Nani alimfundisha? Mimi, mjinga mimi.

Vimefungwa kwenye uwanja wa shule hapa Unyambwa, nyuma tu ya nyumba ya Mama. Katikati ipo mashine kubwa ya Bi Ritha, ya bei ya nyumba. Kulia Pumzi Safi, ndiyo yangu, rangi ya bluu. Kushoto kiboksi cha Peniel, hakina hata jina. Mama alikuja kutazama. Akamsifu mkwe wake, kisha akauliza hilo boksi baya la bluu ni la nani.

Bi Ritha alitoa maelezo marefu. Sikuyafuata yote, nilikuwa natazama viatu vipya vya Peniel. Lakini la msingi nimelishika: hakuna kugusa kifaa mpaka siku ya matokeo, na atakayefanya vizuri anapewa kazi. Jambo lenyewe liko wazi. Atakayeonyesha hewa safi zaidi ndiye mshindi. Nani atanunua kifaa cha kumpa habari mbaya?

Jumanne, 4 Februari
Balaa! Pumzi Safi imesoma uchafu 31. Ya Peniel 24. Mashine kubwa 25. Nimeshika mkia! Bi Ritha akaniambia nisijali, ni mapema. Huruma ya namna hiyo siitaki.

Roho iliniuma mchana kutwa. Nikapita kwa Mama kutuliza mawazo. Kwenye kamba ya nguo nikaona soksi nyeusi, mpya kabisa. Mama kazinunua mnadani. Za nani? Za Peniel! Mimi mwanawe wa kuzaa vidole vinachungulia kwenye soksi zangu, na hajawahi kuona.

Nikachukua moja. Mlinzi Kombo alipoenda kuswali Alasiri, nikaipenyeza chini ya kofia ya mvua ya Pumzi Safi, ikaziba tundu la kuvutia hewa. Sikugusa kifaa. Kilichogusa ni soksi.

Alhamisi, 6 Februari
Mvua. Pumzi Safi: 4! Peniel 9. Mashine kubwa 10. Hao wawili wanapanda pamoja na kushuka pamoja, wameshikana mikono kuelekea kushindwa. Nimeihurumia ile mashine kubwa. Pesa yote ile, halafu inapigwa na fundi wa Singida.

Bi Ritha alikitazama kifaa changu kwa muda mrefu, kakunja uso. Sijawahi kutazamwa na mtaalamu namna hiyo. Kisha akalalamika kwamba mvua imesafisha hewa mno, na asipopata siku moja ya hewa chafu atarudi Dodoma na kazi nusu. Mwanamke anaomba moshi! Kusoma sana nako kuna madhara.

Peniel leo kavaa soksi moja nyeusi na moja ya kijani. Hakulalamika. Hata kulalamika hajui!

Ijumaa, 7 Februari
Mama kachinja jogoo. Nyumbani kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu Baba afariki mwenye nyumba ni mimi. Leo firigisi ikaenda kwenye sahani ya Peniel. Nikauliza kwa heshima kuna nini. Mama akasema mkwe ni mgeni. Nikasema mgeni gani, miaka yote hii anakula hapa. Mama akasema basi nimwombe Mungu anijalie na mimi mke, nikawe mgeni kwa watu.

Peniel akaikata ile firigisi katikati, akanisogezea nusu. Mbele ya watu! Nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa ya kufa.

Nimeamua. Kushinda peke yake hakutoshi. Kiboksi chake lazima kiaibike.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya ibada nilitangaza kwamba leo namchomea shemeji kuku, kwa mikono yangu. Dina alilia kwa furaha. Mama aliinua mikono akamshukuru Mungu kwa kunibadilisha. Nikawasha moto nje ya uzio wa shule, upande wa kushoto, kwenye kiboksi chake. Kuni mbichi. Juu yake gunia zima la maganda ya alizeti yaliyolowa mvua.

Moshi gani huo! Kiboksi cha Peniel kikaruka: 90, 180, 300! Nilipuliza moto mpaka machozi yakanitoka, na Dina akadhani ni ya upendo. Kisha upepo ukageuka. Upepo wa Singida hauna rafiki. Mashine kubwa nayo ikapaa. Mchungaji aliyealikwa alikohoa akasahau sala ya chakula. Mama akaingia ndani akifunika pua na kanga.

Na Pumzi Safi? 4! Katikati ya moshi wote ule, imetulia kama mtakatifu. Bi Ritha akatoka mbio na kompyuta yake. Nikajua nimekwisha. Akanishika mkono! Akasema nimemwokolea kazi. Kuku aliungua, hakuna aliyemla. Nalala mshindi.

Jumatatu, 10 Februari
Sitaki kuandika. Naandika.

Walimu wote walikuwapo, na Mama mbele kabisa. Bi Ritha akasema kazi ya kifaa kidogo si kuonyesha hewa nzuri, ni kusema kile inachosema mashine kubwa. Cha Peniel kilisema vilevile kwenye mvua, na jana kwenye moshi kikapanda nayo hatua kwa hatua. Changu kilisema 4 wakati mwalimu mkuu alikuwa anapapasa kutafuta mlango wa ofisi yake.

Kisha akafunua kofia. Soksi hiyo! Mama akaitambua kabla haijatoka yote. Peniel akasema huenda upepo uliipeperusha. Alijua! Na bado akanitetea. Kuna watu wana ukatili wa ajabu.

Lakini kilichonikata maini ni kingine. Bi Ritha akaonyesha siku mbili za mwanzo. Pumzi Safi ilizidisha kidogo tu, na ilizidisha vilevile kila saa. Hesabu ndogo ingeinyoosha. Shule ni nyingi, akasema, alitegemea kutuchukua wote wawili. Bila soksi ningekuwa fundi wa mradi. Niliumia. Naumia mpaka sasa.

Mama aliikung'uta ile soksi, akampa mwenyewe, akaondoka. Angenitukana ningepumua.

Peniel kapewa kazi. Ataanzia shule za Issuna. Kaniomba nifuatane naye kama mwenzake, kwa malipo sawa. Sawa na yeye! Nikasema nitafikiri.

Jumatano, 12 Februari
Nimefikiri. Siendi Issuna. Nimegundua kosa lilikuwa wapi: si kwenye kifaa wala kwenye soksi. Kosa ni kwamba mpimaji alikuwa mtu mwingine.

Leo nimechora kibao na kukitundika mlangoni: ALPHONCE, UPIMAJI HURU WA VIPIMA HEWA. Cha kwanza kupimwa ni kiboksi cha Peniel. Nimemwomba kimoja kwa upole, kaleta mwenyewe, kafurahi kwamba nimeanza kufanya kazi. Kitapimwa dhidi ya mashine kubwa ya kuaminika, yaani Pumzi Safi.

Upimaji unaanza Ijumaa. Matokeo nimeshayaandika.