Mujomba Musonda mu Ordinateur

Siku ya pili, 8 Juillet

Yaya yangu Bijou anataka kuolewa na Mwila. Bantu bote bamekubali. Kunabakia paka neno moya tu, ya mujomba Musonda, kaka ya mama, mwenye kuikala Pweto, pembeni ya ziwa. Kwetu, mujomba asiposema, ndoa hakuna. Na aseme mbele ya jamaa zote mbili, saa moya, juu kesho muntu asiseme hakusikia. Lakini mujomba anaumwa muguu, hawezi kupanda lori. Na Mwila anaenda kazi Kolwezi mwisho wa mwezi. Mama asema basi ndoa itangojea mwaka ingine. Bijou alisukuma sahani ya bukari. Bijou! Bukari na majani ya kalembula!

Nikasimama. Nikasema siku ya Yenga, kisha misa, nitakusanya jamaa yote mu machine, bure. Kinywa yangu inatangulia kichwa, ni vile niko.

Binamu Jean-Claude akacheka. Asema Kiki, weye ulijifunza kutengeneza paka mu radio mbovu ya bajirani. Yee eko na iPhone. Anaibeba sawa mutoto mwenye kuzaliwa jana.

Siku ya tatu, 9

Tatizo ni hii. Mama: Android, kioo imepasuka. Jean-Claude: iPhone. Shangazi Brigitte, kule Mokambo: Windows, mu dépôt yake ya kuuzisha unga. Mujomba: telefone ya mabouton, hapana zaidi. Lakini bureau ya paroisse, kanisa yake, iko na ordinateur ya Linux, na yee njo anashika funguo. Inafaa logiciel moya, programu ya kuongea, inaingia kote, na ya bure.

Ya kwanza ilikataa Linux. Ya pili ilikuwa bure mpaka unaizoea. Ya tatu inatuma code ku namba ya telefone. Nikaweka namba ya Congo ya shangazi. Kumbe kule Mokambo, ku mupaka, réseau ya kushika ni ya Zambie, puce yake, laini ya Congo, inalala mu sanduku chini ya bitenge. Code ikaenda kulala nayo. Shangazi asema mutoto, uniache, bakiliya banangoja.

Jean-Claude akauliza kama nataka musaada. Nikakataa na sauti ya mukubwa.

Siku ya ine, 10

Nimeipata. Inaingia kote. Haiombe namba, inaomba paka jina. Shangazi nilimuongoza na telefone. Alinitukana kidogo, kisha akasema asante. Jean-Claude alikubali juu rangi yake inamupendeza.

Nikamupigia mujomba. Fungua, andika jina yako, ungoje, nitakuita. Asema amesikia. Mujomba anasemaka amesikia ku kila kitu.

Siku ya tano, 11

Niliandika Musonda mu kutafuta. Akatoka Musonda moya, na picha ya samaki. Pweto, samaki: nani mwingine? Nikamuita mu kikundi, akakubali mara moya. Jean-Claude asema tumupigie kwanza tuhakikishe. Wivu ile. Nikamuambia technique ni technique.

Siku ya Yenga, 13

Biti bya kuikalia bya mutaa muzima mu kiwanja yetu. Mwila na veste, baba yake na kofia. Mama akaweka telefone juu ya ndoo yenye kupinduliwa. Picha haikutoka, paka sauti, tena ya kukatika-katika. Mama akasalimia, akalia kidogo, akaeleza yote.

Musonda asema kama mutoto anapenda, na kijana anafanya kazi, yee haone kizuizi. Lakini kijana asimufiche kule Kolwezi. Kila Noël amulete aone mama yake. Bantu bakapiga makofi. Baba ya Mwila akavua kofia. Mama asema sauti ya kaka yake imekuwa nzito, ni baridi ya ziwa. Bijou akakula, akaomba tena.

Jean-Claude akanipa mukono. Niliuacha unangoja kidogo.

Siku ya kwanza, 14

Mujomba amepiga telefone. Amekasirika. Asema kutoka misa alikaa na veste mbele ya ordinateur mpaka jua ikashuka, hapana muntu alimuita. Jina aliandika sawa nilimuambia: Baba Katongo. Pweto nzima inamuita vile, na jina ya mutoto wake.

Nikaandikia Musonda ya samaki. Akajibu na heshima. Eko Kasenga, anauzisha samaki. Asema alifikiri mujomba wetu hayuko, tumeita majina yake, muntu mwenye jina moya naye, asimame pa nafasi yake. Balimuomba neno, akatoa neno.

Nikaeleza mama. Baba ya Mwila alikuwa pale, alikuya kurudisha biti. Bijou akashika ukuta. Jean-Claude akavuta kiti, akatulia, sawa muntu mwenye kungoja chakula. Mama akapigia mujomba, akafungua haut-parleur, bote basikie.

Mujomba akauliza ule muntu anaitwa Musonda kweli. Kweli. Na alisema nini? Mama akarudilia yote. Mujomba akacheka mpaka akakohoa. Asema basi ni majina yangu, na majina yangu akisema, ni miye nimesema. Nakubali. Ile ya Noël, hata miye singeiwaza. Anataka namba ya ule bwana, basalimiane.

Baba ya Mwila akavua kofia tena. Bijou akanikumbatia, shingo ikalia.

Jean-Claude asema sasa bote tumesikia mujomba mu telefone ya kawaida, logiciel ilikuwa ya nini? Mambo ya technique inamupita.

Siku ya pili, 15

Ndoa ni siku ya sita, siku ya posho, 26. Mama ameniachia kuita bageni. Nimeanza na Katongo, mutoto wa mujomba. Niliandika jina yake, bakatoka Katongo sita. Jean-Claude asema tumupigie kwanza. Ule hajifunzake kitu.

Nimebaita bote sita. Bane bamekubali. Moya anauliza kama munkoyo ya kunywa itakuwako.