Kiongozi wa Msafara wa Bordeaux

Jumatatu, 12 Januari
Imeamuliwa! Kikundi chetu cha Wakenya wa Burnsville, Minnesota, kitakwenda Ufaransa Septemba, kuzuru mashamba ya divai ya Bordeaux. Nkirote, mwenyekiti, anasema kiongozi wa msafara atachaguliwa Jumamosi nyumbani kwake, tukishaonja divai. Griffins tayari anatembea na ile kofia ya kiongozi ya safari ya Niagara. Mwaka wa pili huu haivui! Safari hii atanitambua.

Jumatano, 14 Januari
Nimesoma hadi macho yanauma. Nyekundu, nyeupe, tamu. Hiyo tamu inatokana na zabibu zilizoota ukungu zikiwa bado mzabibuni. Ukungu! Mama angewatupia kuku. Tena waonjaji hawamezi, wanatema kwenye ndoo. Griffins hajui hilo. Nimenunua ndoo.

Ijumaa, 16 Januari
Friji imejaa sukuma wiki za Susan, mke wangu. Jana nikaweka chupa za kuonja, nyeupe na tamu, nje kwenye roshani zipoe. Januari, Minnesota, na kisomo changu chote! Leo zimeganda na kupasuka. Susan ameuliza kama huko Bordeaux divai huliwa kwa kijiko. Imebaki nyekundu, iliyokuwa chini ya kitanda.

Jumamosi, 17 Januari
Mama mzazi wa Nkirote, sote twamwita Bibi, yuko hapa kutoka Meru. Nikamketisha Griffins karibu naye amhudumie, asipate nafasi ya kujigamba. Akili hiyo! Nikahutubia. Nikaamuru: tia mdomoni, zungusha, tema. Wote wakainamia ndoo. Bibi hakuiona ndoo. Alimwona Griffins, amepiga magoti kumpokea glasi. Na kwao Meru mzee akikutemea kinywaji, amekubariki. Fyuu! Shati jeupe, kifua kizima.

Watu wakaitika amina. Nkirote akasema kura ya nini tena, msafara umeshapata baraka, na yeye hampingi mamake. Susan alipiga makofi. Susan wangu!

Jumapili, 18 Januari
Griffins kaja kanisani na shati lile lile. Hajalifua! Watu wanampa mkono na kulitazama doa. Mimi nimepewa cheo cha kubeba ndoo. Nina hasira!

Jumanne, 20 Januari
Nimetafakari sana. Mpango ulikuwa mzuri, ila nilikaa mahali pabaya. Bibi harudi Meru hadi Machi, na baraka si ya mtu mmoja. Kesho naenda kumwamkia, nimpigie magoti mapema. Nimenunua shati jeupe. Ndoo naiacha nyumbani.

Nasikia Bibi anapenda vitu vitamu, nikamtafutia chupa ya ile ya ukungu. Friji bado imejaa sukuma. Chupa nimeiweka roshani. Ni usiku mmoja tu, itafanya nini?