Mkono wa Mzee Kasaine

Jumanne, 5 Julai 1994

Leo nimezaliwa upya! Kwenye rundo la mitumba, chini ya makoti, nimekuta kitabu cha wapigapicha wakubwa wa mitaani huko Ulaya na Marekani. Ajabu: hakuna hata mtu mmoja anayeangalia kamera. Mpigapicha mmoja huvizia kwenye kona mpaka tukio lijilete lenyewe. Mwingine husogea mpaka puani. Wa tatu hana habari na nyuso, hupiga migongo na mikono tu, na wamempa kurasa nyingi kuliko wote. Na mimi miaka yote hii hapa studioni kwangu Sakina nawapanga watu kama gwaride. Aibu tupu.

Ng'ambo ya barabara mshindani wangu Melkizedeki kaweka studioni kwake pazia jipya lenye ndege ya kuchorwa. Wateja wanapanga foleni kupigwa picha kwenye ngazi za ndege hiyo. Washamba. Mimi nasoma.

Nimeanza na mtindo wa kuvizia. Nilijibanza nyuma ya lori nimpige fundi akiwa kazini. Akadhani nimetumwa na wale wa kubomoa vibanda. Alinifukuza na spana mpaka mlangoni kwangu. Picha sikupata, ila mtindo nimeuelewa.

Jioni mpenzi wangu Nice kaja na habari njema. Baba yake, Mzee Elirehema wa Olmotonyi, amekubali kuwapokea washenga wangu Jumamosi ya wiki ijayo. Hatimaye!

Jumatano, 6 Julai

Msiba. Bibi yake Nice, mama mzazi wa Mzee Elirehema, amefariki. Nimelia, kweli kabisa. Nilipopanda Olmotonyi kutoa pole nikamkuta Melkizedeki keshafika, anatoa pole na kamera shingoni. Hana haya! Yangu ilikuwa ndani ya mfuko.

Mzee Elirehema kasema picha za mazishi atapiga Ludovick, maana ni karibu mtoto wa nyumba. Yaani mimi! Nilimtazama Melkizedeki kwa upole wa Kikristo.

Ijumaa, 8 Julai

Tumezika. Ukungu, baridi, mwanga wa ajabu! Ila watu ni wale wale. Kila familia ilijipanga kando ya jeneza, makoti yamefungwa vifungo, ikasubiri moja mbili tatu. Niliwaomba kwa heshima waendelee tu kuomboleza, wajifanye mimi sipo. Hawakuelewa. Mzee Kasaine, kaka mkubwa wa Mzee Elirehema, aliwapanga watu wake mara mbili na kukohoa sana. Nikajifanya sisikii. Nilisubiri mpaka akaligusa jeneza, nikapiga mkono. Mkono tu! Huzuni yote ya mlima huu imo katika mkono ule.

Jumatatu, 11 Julai

Nimezipeleka picha Olmotonyi. Zilizungushwa sebuleni mkono kwa mkono. Mgongo. Mgongo mwingine. Mbwa chini ya turubai. Mchungaji akipiga chafya. Nikangoja sifa.

Mzee Kasaine akauliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha mkono. Akaulinganisha na wake, akasema mkono usio na uso unaweza kuwa wa yeyote, hata wa Melkizedeki. Shangazi yake Nice akauliza wako wapi wakwe zake waliotoka Monduli na kwaya nzima. Nikamwambia wamo, kwenye ule ukungu upande wa kushoto. Akaangua kilio. Kumbe picha hizi ndizo zinazopelekwa kwa ndugu wa mbali, na asiyeonekana humo hakuzika. Tayari kuna watu wanauliza kama kweli Mzee Kasaine alimzika mama yake.

Mzee Elirehema hakupaza sauti. Alisema tu washenga wangu wasijisumbue kupanda. Nimeshuka kwa miguu huku nalia. Nampenda Nice. Wale wa kwenye kitabu sijui waliwaoa akina nani.

Jumatano, 13 Julai

Nina mpango! Tuzirudie picha. Niliwaza kuazima jeneza tupu kwa seremala wa Elerai. Nice kasema nikilitamka hilo mbele ya baba yake, nitalala humo mimi. Basi iwe kaburini tu: nguo zile zile, maua mapya, kila familia kwa zamu. Nice kamshawishi mama yake, mama kamshawishi mzee. Mzee Kasaine katoa masharti: uso mbele, viatu vionekane, na maarifa yangu niyaache Sakina. Wakiridhika, washenga wanapanda Jumamosi. Nimeapa kutii.

Ijumaa, 15 Julai

Nimetii! Nimesema moja mbili tatu mpaka koo limekauka. Wakwe wa Monduli wamerudi wote, na kwaya yao. Jua lilikuwa kali na huzuni imepungua, ikabidi Shangazi awakumbushe watu kununa. Viatu vyote vimeonekana.

Filamu ilibaki na picha moja. Mzee Kasaine aliketi kwenye benchi kando ya kaburi, akavua viatu vilivyokuwa vinambana. Shangazi akamkumbusha mama yao alivyokuwa akimkimbiza na mwiko kwa kuiba maziwa. Wakacheka wote. Mzee Kasaine alicheka akiwa kaachama, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Nikapiga. Mara kicheko kikageuka, akawa analia kweli, anamwita mama yake kama mtoto mdogo. Mimi mwenyewe nilipenga kamasi. Nikaapa tena: picha ile itabaki yangu peke yangu.

Jumamosi, 16 Julai, asubuhi

Mashine mpya ya mjini inasafisha picha kwa saa moja tu, kwa hiyo jana jioni Nice alipanda nazo. Wameridhika! Mzee Kasaine kaleta salamu kwamba leo atashuka yeye mwenyewe, awachukue washenga hapa studioni na kuwapandisha kwa heshima.

Ile moja ya kicheko nimeikuza, sasa ni kubwa kama mlango wa kabati. Kuificha ingekuwa dhambi. Nimeiweka dirishani, inatazama barabara ya Nairobi, na kila gari la Olmotonyi linapita hapa. Watu wanasimama kushangaa! Hata Melkizedeki kavuka barabara kunisifu, mara ya kwanza maishani. Kanisihi nisiitoe. Kaleta na kiti chake, aungane nami kumpokea mgeni. Wivu umemwisha, maskini.

Naona gari linasimama. Mzee Kasaine huyo anashuka. Atafurahi sana: safari hii uso unaonekana wote.